Tusiwafukuze vijana barazani kwa sababu ya picha za wachawi

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipokuwa karani bandarini hapa Tanga, na hadi leo sijapata kuleta barua kwenye ukurasa huu. Kilichonisukuma ni jambo lililotokea katika baraza letu la Ngamiani, ambapo vijana wanne, mmoja wao mjukuu wangu, waliamriwa na mzee mwenzangu ninayemheshimu sana wafunge mchezo wao na kuondoka. Mzee aliona picha za wachawi na majitu, akasikia neno "nguvu" likitajwa kila baada ya muda mfupi, akahofu kwamba watoto wanachezea mambo yasiyochezewa, na pengine kamari ndani yake. Vijana waliondoka bila kujibu, kama walivyolelewa. Nami nilinyamaza, ingawa nilikuwa nimekwisha kucheza nao mara kadhaa na kuufahamu mchezo huo, na kunyamaza huko ndiko kunakonisumbua mpaka sasa.

Mchezo wenyewe ni wa mezani, unaitwa Terra Mystica. Ulitungwa na Jens Drögemüller na Helge Ostertag, ukatolewa Ujerumani mwaka 2012, na mwaka uliofuata ukashika nafasi ya kwanza katika tuzo ya michezo ya nchi hiyo iitwayo Deutscher Spiele Preis. Huchezwa na watu wawili hadi watano kwa raundi sita, juu ya ramani yenye mito na viwanja vya pembe sita vya aina saba za ardhi: msitu, milima, maziwa, jangwa, kinamasi, tambarare na nyika iliyokufa. Kila ardhi ina makabila mawili ya kihekaya, kwa hiyo yote ni 14. Wamo wachawi wa msituni, mbilikimo wa milimani, nguva wa maziwani, mafakiri wa jangwani wanaoruka kwa zulia, na majitu ya nyikani. Mchezaji hawezi kujenga ila kwenye ardhi ya kabila lake. Akitaka kiwanja cha aina nyingine, sharti kwanza akilime kwa majembe na kuweka juu yake kigae cha ardhi yake. Mwanzoni, kwa makabila mengi, jembe moja humgharimu vibarua watatu. Akiwekeza katika zana, gharama hiyo hushuka hadi vibarua wawili, kisha mmoja.

Kinachonivutia mimi, niliyetumia umri wangu kuandika mapato na matumizi, ni ubao mdogo ambao kila mchezaji huuweka mbele yake. Majengo yake yote, yaani nyumba nane, maduka manne, mahekalu matatu, ngome moja na jengo moja la patakatifu, hupangwa juu ya ubao huo yakiwa yamefunika alama za mapato. Ukiinua nyumba na kuipeleka kwenye ramani, alama iliyokuwa chini yake hufunuka, na kuanzia raundi inayofuata unapokea kibarua zaidi. Lakini ukiamua kuigeuza nyumba hiyo kuwa duka, nyumba hurudi ubaoni na kuyafunika mapato yale uliyokwisha kuyazoea, huku duka likikufunulia fedha na nguvu. Nimewaona vijana wakiinama juu ya uamuzi huo mmoja kwa dakika nzima, wakihesabu kwa vidole watakuwa na vibarua wangapi raundi mbili mbele. Mjukuu wangu aliwahi kuniambia, "Babu, injini yangu imeshawaka," yaani mapato yake yameanza kuzaa mapato mengine. Nikamwambia sisi wa bao tunalo neno la kale kuliko hilo: namua, yaani awamu ya kwanza ya bao, ikiisha na kete za mkononi zikamalizika, tunaingia mtaji, na mtaji ndilo neno la mfanyabiashara pia. Tangu siku hiyo wanasema mtaji.

Nguvu iliyomtisha mzee mwenzangu ni kete 12 zinazozunguka katika bakuli tatu. Unapopata nguvu, kete hutoka bakuli la kwanza kwenda la pili, na la kwanza likiwa tupu, hutoka la pili kwenda la tatu. Zilizofika la tatu ndizo unazoweza kutumia, na ukizitumia hurudi la kwanza kuanza safari upya. Mtu yeyote aliyekaa mbele ya bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, akajua lini azisambaze kete za nyumba yake, lile shimo kuu la bao, na lini aziache zikae, atalielewa jambo hili kabla ya msomi wa chuo kikuu. Tena nguvu hiyo huja zaidi kwa ujirani: mwenzako akijenga kando ya jengo lako, wewe unaruhusiwa kupokea nguvu, na yeye akiwa jirani yako, kwa kawaida hulinunua duka lake kwa sarafu tatu badala ya sita. Hakuna anayebomoa cha mwenzake, wala hakuna anayetolewa mchezoni kabla ya wengine.

Kuhusu kamari, mchezo huu hauna dadu. Bahati huingia mwanzoni tu, vinapochaguliwa vibao vinavyoonyesha jambo litakaloleta pointi katika kila raundi, navyo huwekwa wazi mbele ya wote. Na yule mchawi hamlogi mtu. Hulipa kibarua mmoja na sarafu mbili kujenga nyumba, kama makabila mengi mengine. Bibi zetu walitusimulia habari za mazimwi na majini usiku baada ya usiku, tukakua tukiwa watu wa dini na wa kazi.

Shida ninayoiona mimi ni nyingine, na ni kubwa kuliko picha. Ramani na mbao za mchezo huu zimejaa alama ambazo hazihitaji lugha, lakini kitabu cha kanuni walichonacho vijana hawa ni cha Kiingereza. Mmoja anayekimudu husoma, watatu humsubiri, na wa tano aliyetaka kujiunga aliona haya akaenda zake. Kijana huyo ni hodari wa dhumna kuliko wote. Naomba gazeti lako litenge nafasi ndogo katika ukurasa wa burudani kueleza michezo ya namna hii kwa Kiswahili sanifu, kwa maneno ambayo tayari tunayo, kama kete, kigae, mtaji, jembe na kibarua, na naomba Baraza la Kiswahili la Taifa litusaidie pale maneno yatakapopungua.

Mzee mwenzangu naye nimekwisha kumwambia ana kwa ana haya ninayoyaandika. Alikuwa nahodha wa jahazi, kwa hiyo akikubali kuketi nasi Ijumaa jioni baada ya swala ya alasiri, nitamwachia nguva, ambao huanza mchezo wakiwa tayari na hatua moja ya usafiri wa majini.

Wako,
Karani mstaafu wa bandari,
Ngamiani, Tanga