Meseji isimfikie mkulima kabla ya kilo zake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na watengenezaji wenzangu wa mifumo ya kompyuta, pamoja na viongozi wa vyama vya msingi wanaoinunua.

Msimu uliopita, kwenye chama kimoja huku Masasi, mzee alipima korosho zake mbele ya karani. Kabla hajatoka ghalani simu ikalia: amepokelewa kilo 0. Mzee akagoma kuondoka, na alikuwa na haki. Jasho la mwaka mzima lilikuwa ndani ya magunia yale.

Hakuna aliyemwibia. Mfumo huandika kwanza stakabadhi: jina, tarehe, namba. Magunia na uzito wake hufuata, katika jedwali jingine. Mtengenezaji aliagiza meseji itoke stakabadhi inapohifadhiwa, na saa hiyo hakuna gunia hata moja lililoingia.

Mfumo ule umeundwa kwa Django, programu ya kujengea mifumo iliyozaliwa kwenye gazeti, Lawrence Journal-World la Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Ishara yake ya post_save hulia mara rekodi kuu, hapa stakabadhi, inapohifadhiwa. Haingoji rekodi tegemezi, yaani magunia. Lakini tangu toleo la 1.9, la mwaka 2015, ipo on_commit, inayotekeleza agizo baada ya muamala kukamilika. Muamala hapa ni kundi la rekodi zinazohifadhiwa zote kwa pamoja, au isihifadhiwe hata moja. Sharti ni stakabadhi na magunia yake yote viwe ndani ya muamala mmoja. Pasipo muamala, agizo hutekelezwa papo hapo na tumerudi kulekule.

Sifuri ina nafuu, maana mtu huiona na kulalamika. Ninachokihofia zaidi ni meseji inayotoka na kilo kamili huku muamala ukiwa haujakamilika. Umeme ukikatika hapo, hifadhidata hufuta kila kitu, ila meseji hairudi. Mkulima anabaki na kilo kwenye simu ambazo chama hakina kumbukumbu yake, na anayeonekana mwizi ni karani.

Viongozi, kabla ya kumlipa mtengenezaji, mwambieni aingize mbele yenu stakabadhi ya magunia kadhaa, la mwisho likiwa na uzito ambao mfumo lazima uukatae. Shikeni simu mkononi. Meseji ikiingia ilhali stakabadhi imekataliwa, msiupokee mfumo huo.

Fundi wa mifumo,
Masasi, Mtwara