Kwa mawakili vijana wa Dodoma mnaotamani kesi za wakubwa

Wanangu,

Mbukwenyi, nawasalimu kwa Kigogo chetu. Mwezi uliopita, kwenye msiba wa wakili mwenzetu, vijana wanne mlinifuata chini ya mti nje ya nyumba ya marehemu, mkaniuliza: "Mama, kesi za wakubwa tunazipataje?" Nilikuwa na majonzi, nikawajibu juujuu. Tangu siku ile swali lenu halijaniacha, na lile jibu nililowapa halikunitosha hata mimi niliyelitoa. Naandika hadharani kwa sababu najua waliotaka kuuliza hawakuwa wanne tu.

Hamu yenu naielewa. Nilipoapishwa, Dodoma ilikuwa makao makuu kwa uamuzi wa 1973, lakini wabunge walikuja, kikao kikaisha, mji ukabaki na upepo wake na vumbi lake. Leo wizara ziko Mtumba, Bunge lipo, na makao makuu ya Mahakama yamezinduliwa hapa hapa mwaka 2025. Mwenyekiti wa chama, waziri wa zamani, mkurugenzi aliyetumbuliwa juzi, wote mnakutana nao kwenye foleni ya benki. Kesi zao zitawafikia hata msipozitafuta. Ninachokihofia ni mtakuwa mmejiandaa kwa kitu gani siku hiyo.

Mkubwa akishaingia kizimbani, ukubwa wake haumtetei. Anatetewa na vitu vidogo: tarehe iliyoandikwa kwenye hati ya mashtaka, saa aliyofikishwa kituoni, nani aliandika maelezo yake, kielelezo kilipita mikononi mwa nani kabla ya kuletwa mbele ya Jaji. Kazi ya kuviona vitu hivyo hujifunzi kwenye kesi yake, maana pale kamera zipo na makosa yako yataonekana nchi nzima. Unajifunza kwa mwizi wa ng'ombe.

Kumbukeni kesi ya ugaidi ya 2021 ya Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa CHADEMA. Watu walijaa mahakamani kwa ajili ya kiongozi wa chama, lakini siku nyingi za mabishano, ile kesi ndani ya kesi ya kuamua kama ushahidi upokewe, zilikwenda kwenye maelezo ya onyo, yale anayoandikwa mtuhumiwa polisi, ya mshtakiwa mwenzake, askari wa zamani ambaye wengi hawakuwahi kulisikia jina lake kabla ya hapo. Wakili Peter Kibatala na wenzake walibanana na mashahidi kuhusu mahali yalipoandikwa na namna yalivyopatikana. Mahakama iliyapokea. Machi 4, 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) akaiondoa kesi yote. Nawaomba mtazame siku zile zilitumika kwa nini: kwa karatasi za mtu asiyejulikana, na wakili ambaye hajawahi kupigania karatasi za namna hiyo mahakama ya wilaya angeanzia wapi pale?

Tena hapa kwetu tuna mfano ambao nasikitika mkiwa hamuujui. Mwaka 1994, katika Mahakama Kuu Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliamua shauri la Mbushuu na mwenzake, watu wawili waliotiwa hatiani kwa mauaji, watu wa kawaida kabisa. Akasema adhabu ya kifo ni ya kikatili na inamdhalilisha binadamu, na kwamba inakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo inatweza utu, lakini ikasema Ibara ya 30 inairuhusu, ikautengua uamuzi wa Jaji Mwalusanya. Kwa hiyo kitanzi kipo hadi leo kwenye vitabu. Uhaini nao adhabu yake ni hiyo hiyo. Siku mwanasiasa atakaposhtakiwa kwa uhaini na wewe ukasimama upande wake, hoja utakayoishika ilichimbwa Dodoma kwa ajili ya watu wawili ambao hakuna mwandishi wa habari aliyekuwa akiwasubiri nje. Miaka michache kabla yake, Daudi Pete, aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, ndiye aliyesababisha Mahakama ya Rufani itengue kifungu kilichowafungia dhamana watu kama yeye. Mnazinukuu hukumu hizi chuoni kana kwamba zilishuka zenyewe kutoka mbinguni. Zilitoka kwa mahabusu.

Sasa niwaambie langu, ingawa linaniuma. Kuna mwaka nilipata kesi ya mtu mkubwa. Jina lake silitaji, siri ya mteja haina kustaafu. Mwaka huo huo nilikuwa na kijana mfugaji, ameshtakiwa kwa wizi wa ng'ombe, yuko gereza la Isanga kwa kukosa wadhamini wenye sifa. Mama yake aliuza mbuzi wawili kunilipa. Mara tatu niliandika barua kwa Hakimu kuomba ahirisho, kwamba natakiwa Mahakama Kuu, na Hakimu kwa desturi yetu akaahirisha. Kila mara yule mama alikuwa amekwisha kufika kwa basi la alfajiri, amekaa kwenye benchi la nje na mfuko wake wa nailoni mapajani, na kila mara karani ndiye aliyemwambia arudi nyumbani. Mimi sikuwepo hata kumwambia.

Tuliposikilizwa, ilichukua asubuhi moja. Mlalamikaji alisema kwa kinywa chake ng'ombe wake walichanjwa alama kwenye sikio la kulia. Orodha ya vielelezo iliandika sikio la kushoto. Jambo hilo lilikuwa ndani ya jalada langu tangu siku ya kwanza. Kijana aliachiwa baada ya miezi saba mahabusu, na minne kati ya hiyo ilikuwa yangu mimi. Alinishukuru. Ile shukrani mpaka leo sijui niiweke wapi.

Kesi ya yule mkubwa nayo ilinifundisha. Aliitwa kujibu lugha ya uchochezi. Shahidi mkuu alikuwa askari aliyehudhuria mkutano wa hadhara na daftari dogo lenye jalada la kijani. Mteja wangu alihutubia nusu Kiswahili, nusu Kigogo, lakini hati ya mashtaka ilimnukuu kwa Kiswahili kilichonyooka. Nikaanza kumdodosa. Kigogo unakifahamu? Hapana, Mheshimiwa. Maneno haya uliyaandika kwa lugha gani? Kiswahili. Nani alikutafsiria? Akanyamaza kidogo, akasema ni mtu aliyekuwa amesimama jirani yake. Jina lake? Hakulijua. Nikakaa. Mara nikaletewa kikaratasi kutoka kwa mteja: nimuulize nani alimtuma, nimtaje mkuu wake. Nilikikunja nikakiweka ndani ya jalada. Shahidi alikuwa amekwisha kunipa nilichokihitaji, na swali moja la kisiasa lingempa nafasi ya kujieleza upya. Mteja wangu hakuonekana na kesi ya kujibu, ila alikaa wiki mbili bila kunisemesha, kwa sababu hotuba yake haikupata kutolewa.

Hapo ndipo penye mtihani mkubwa wa kazi hii, nami nitapazungumza kwa urefu. Mwanasiasa analeta mahakamani mambo mawili: shauri lake na jukwaa lake. Chama chake kinaweza kutaka kesi ivutwe mpaka uchaguzi upite, yeye anataka dhamana alale kwake leo. Au kinyume chake. Wewe umepewa maelekezo na nani? Ulizeni swali hili siku ya kwanza, na mliandike jibu, limesainiwa. Watakuja watu wa heshima, wazee wa chama, ndugu, wafadhili, kila mmoja akisema anamsemea. Wasikilizeni, wapeni chai, kisha mwende mkamuone mteja peke yake, gerezani ikibidi. Na fedha iwe hivyo hivyo. Bahasha ikiletwa na dereva wa mtu usiyemjua, irudi na dereva huyo huyo. Ada ilipwe na anayejulikana, kwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ukishindwa kusema fedha imetoka wapi, umeshapata bosi usiyemjua.

Mjue Katiba kwa vidole. Ibara ya 100 inamkinga mbunge kwa alichosema ndani ya Bunge. Akitoka getini akayarudia mbele ya vipaza sauti, yuko peke yake. Mwambieni kabla, msimngojee ashtakiwe.

Vipaza sauti hivyo vitawajia na ninyi. Kusimama mbele ya kamera kwenye ngazi za nje ya mahakama kuna utamu wake. Semeni tarehe ya kesi na hatua iliyofikiwa, basi. Hoja mpelekeeni Jaji.

Na msidhani mkubwa ni mpinzani tu. Mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona walishtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka, wakatiwa hatiani 2015, na mawakili wao walisimama nao mpaka mwisho huku mtaani watu wakizomea. Balozi Costa Mahalu alishtakiwa juu ya ununuzi wa jengo la ubalozi Roma. Mwaka 2012 Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipanda kizimba cha mashahidi katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kumtolea ushahidi wa utetezi, na mwaka huo huo balozi akaachiwa. Atakayekuita mtetezi wa mafisadi leo atakuita mtetezi wa wachochezi kesho. Utayasikia kanisani, msikitini, hata kwa shemeji zako.

Inauma, sitawaficha. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliposhtakiwa kwa kashfa dhidi ya maofisa wa mkoloni, alitetewa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, pamoja na mawakili wa hapa, K. L. Jhaveri na Mahmud Rattansi. Hukumu ilikuwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na Mwalimu akalipa. Pritt alirudi kwao. Wenzake wa hapa kesho yake waliamkia mahakama zile zile, mbele ya serikali ile ile. Mimi moyo wangu uko kwa hao waliobaki, maana ninyi ndio mtakaobaki Dodoma kesi ikiisha.

Majalada ya wateja wangu nimeyafungia, hayaguswi na mtu. Lakini vitabu vya hukumu viko sebuleni kwangu Makole, na hukumu ya Mbushuu imo, pembeni pamejaa mwandiko wangu wa penseli. Jumamosi kuanzia saa nne mlango uko wazi. Wewe uliyetangulia kuuliza pale msibani, njoo na hati ya mashtaka ya kesi yako iliyo ndogo kuliko zote. Tutaisoma pamoja, mstari kwa mstari.

Mama yenu,
wakili mstaafu,
Makole, Dodoma