Jicho la pili la Swaleh

Kibokoni, Mombasa

Kwako shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila joto la kaskazi mwaka huu halina simile, usiku watu wanalala rosheni wazi.

Barua yako imefika. Naona anayeuliza hasa ni mama: kipande cha chuma kilimwingia Swaleh jicho la kushoto, mbona daktari kila siku anang'ang'ania kulitazama la kulia, ambalo ni zima? Hayo maneno kwamba Swaleh kapigwa kijicho mwachieni aliyeyaleta. Hapa kliniki swali hili tunaulizwa sana, na jibu lake liko kwenye kinga ya mwili.

Chembe za kinga huzunguka mwilini zikikagua kipi chetu na kipi kigeni. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hazijaizoea. Imekaa kama ndani ya nyumba zetu hizi za mawe: mgeni huishia barazani, akizidi sana dakani, pale ukumbi wa mlangoni. Mishipa ya damu ya retina kuta zake zimebana, na nyuma yake ipo safu ya seli zilizoshikana zinazozuia upenyo. Ina walinzi wake wenyewe, wanaitwa maikroglia, na jicho lenyewe hutoa kemikali za kuituliza kinga. Mwanasayansi Peter Medawar wa Uingereza aliliandikia jambo hili mwaka 1948, alipoona ngozi ya sungura mmoja ikiishi ndani ya jicho la sungura mwingine, maadamu mishipa ya damu haijaifikia. Mahali pengine popote mwilini ingekataliwa. Na ni heri iwe hivyo, maana ngozi ikivimba hupona ikaacha kovu, lakini seli za retina zikifa hazioti tena.

Sasa chuma kikatoboa. Vitu vilivyokuwa vimefichwa vikatoka, na kinga ikaviona kwa mara ya kwanza katikati ya jeraha. Mara chache, nasema mara chache, huvichukua kuwa adui. Basi vitu vile vile vimo kwenye jicho la kulia, na kinga itavifuata huko. Mara nyingi hutokea ndani ya mwaka wa kwanza, hasa miezi ya mwanzo, ingawa kuna waliopatwa baada ya miaka mingi. Louis Braille, yule wa maandishi ya vipofu, alijichoma jicho moja akiwa na miaka 3 katika karakana ya babake, na alipofika miaka 5 hakuwa na hata moja. Wengi wanaamini kilichomtokea ni hiki hiki.

Ndiyo maana Swaleh huwekwa kidevu kwenye ile mashine ya mwanga mwembamba. Daktari anatafuta chembe nyeupe zinazoelea ndani ya jicho la kulia, hata kama Swaleh mwenyewe hajahisi kitu. Na nyumbani awe na mazoea: kila asubuhi azibe la kushoto, asome kalenda ya ukutani kutoka pale pale alipokaa jana. Maandishi yakififia, mwanga ukimuumiza, jicho likiwa jekundu au akiona vidoa vinaelea, aende siku ile ile. Asingoje miadi, na asinunue matone dukani.

Ikiwa itaanza, atapewa steroidi za nguvu, pengine na dawa nyingine za kuipunguza kinga kwa miezi mingi. Wengi hubaki wanaona. Zina gharama yake: sukari hupanda, presha ya jicho pia, mtoto wa jicho huja mapema, na kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka, kwa hivyo watampima kwanza. Akishaanza asiache ghafla eti amepata nafuu.

Kuhusu kulitoa la kushoto: kama halioni kabisa na hakuna tumaini, kulitoa mapema, ndani ya wiki mbili, ndiyo njia ya zamani ya kujikinga. Lakini umeniambia bado anauona mwanga na mkono ukipita. Mimi singekubali haraka. Kuna wagonjwa ambao jicho lililoumia ndilo lililokuja kuwa zuri kuliko jingine. Mwulizeni daktari hilo waziwazi.

Mkitaka mwingine amtazame, mleteni huku, chumba cha uani kipo. Aje na karatasi zote za hospitali na chupa za dawa, hata zilizokwisha. Na miwani ya kazi avae, hata akisema ya dakika moja tu.

Mama nisalimie sana.

Wako shoga,
Fatma