Neno la Upepo Ule

Bowling Green, Kentucky
16 Januari 2022

Somo yangu mpendwa,

Tu wazima. Naanza na hilo kwa kuwa najua ndilo ulilokuwa ukilitafuta usiku ule wa tornado, ule upepo wa kuzunguka unaong'oa nyumba, ulipopiga simu mara tano usinipate. Umeme ulikatika, mtandao ukapotea, na nilipokuja kuliona jina lako nilikuwa ukumbi wa kanisa, nimekaa kati ya mama mmoja wa Uvira, Kongo, na mgawaji wa mablanketi, natafsiri. Nikakujibu maneno mawili, "tuko salama", kisha nikanyamaza mwezi mzima. Niwie radhi. Nyumba yetu haikuvunjika hata kioo. Ukivuka mitaa mitatu tu unakuta misingi ya zege mitupu, na juu ya mmoja wao kimebaki choo na kipande cha ukuta.

Kilichonikalisha kuandika leo ni swali lako la ujumbe wa pili: "Kwani hawakujua?"

Walijua, somo. Hilo ndilo linaloniuma. Kituo cha taifa cha kutabiri dhoruba, kilichoko Norman, Oklahoma, kilianza kuichora dhoruba ile kwenye ramani siku kadhaa kabla. Ijumaa yenyewe, tarehe 10 Desemba, kilipandisha hatari ya eneo la magharibi yetu hadi daraja la nne kati ya matano. Na hata asiyejua kusoma ramani alihisi. Desemba hapa ni mwezi wa koti zito, lakini mchana ule tulitembea na mikono wazi, hewa nzito, ya unyevu, kama ya kwetu Tanga mvua ikikaribia. Hewa hiyo ilipanda kutoka Ghuba ya Mexico. Juu yake ilikuwa inakuja baridi kavu.

Unakumbuka wale kina mama waliokuwa wakisokota kamba za makumbi? Kiganja cha chini kimetulia, cha juu kinakwenda mbele, na uzi ulio katikati unazunguka wenyewe. Ndivyo upepo ulivyofanya siku ile. Wa chini ulikwenda njia yake kwa mwendo wake, wa juu ukaenda njia nyingine kwa kasi zaidi, na hewa iliyokuwa katikati ikawa inajisokota imelala. Joto lilipopanda kwa nguvu likausimamisha ule msokoto wima ndani ya wingu. Dhoruba ya namna hiyo, inayozunguka nzima nzima, wataalamu wanaiita superseli. Kinachoshuka chini yake na kugusa ardhi ndiyo tornado. Kwamba superseli zitatokea, waliweza kusema tangu asubuhi. Itashukia mtaa gani, hakuna awezaye kulisema asubuhi. Hilo husemwa zikiwa zimebaki dakika.

Mji wa Mayfield, magharibi ya Kentucky, ulipigwa kama saa tatu na nusu usiku. Tornado ile ilikaa chini kwa muda wa karibu saa tatu, ikakata njia ya kilomita 266 hivi, ikaua watu 57. Ofisi ya hewa ya Paducah iliutangazia mji huo dharura, tangazo la juu kuliko yote waliyo nayo, kwa sababu rada ilikuwa imeshaona vifusi hewani. Hapa naomba usome polepole. Rada hizi za sasa hutofautisha matone ya mvua na vitu vingine, maana matone yanafanana kwa umbo, bali mbao, mabati na sufi za kuzuia baridi zilizomo kwenye kuta havifanani. Vifusi vikionekana kwenye rada, mtabiri hana tena shaka kwamba tornado ipo kweli. Lakini maana yake pia ni kwamba nyumba ya mtu tayari imo hewani. Usiku ule vifusi vilipaa zaidi ya kilomita 9. Picha ya familia ya mwaka 1942 iliruka kutoka Dawson Springs ikaenda kunata kwenye kioo cha gari huko New Albany, Indiana, zaidi ya kilomita 200. Nani alikuwa akiitunza picha ile miaka yote hiyo, nimefikiria sana.

Iliyotupiga sisi ilikuwa nyingine kabisa, ya dhoruba nyingine. Ilifika kama saa saba na robo usiku, watu wamelala. Kwetu wamekufa 17, na watoto wamo.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu ila mume wangu. Unajua mji huu umejaa wakimbizi: Wakongo, Wabosnia, Waburma, watu wa kila pembe. Mimi ndiye mtafsiri wa Kiswahili wa watu wengi hapa, na kundi letu la WhatsApp lina familia zaidi ya mia. Ijumaa ile jioni nilituma ujumbe wa sauti. Nilisema, nakumbuka neno kwa neno: "Ndugu zangu, kuna tahadhari ya kimbunga usiku wa leo, tuwe macho." Usiku wa manane, simu zilipolia, nikatuma tena haraka haraka: "Kuna tahadhari ya kimbunga." Neno lile lile! Kwa Kiingereza yale ni matangazo mawili tofauti. La kwanza linasema hali ya hewa inaruhusu, jiandae. La pili linasema imeonekana, kwa macho au kwa rada, ingia ndani sasa hivi. Mimi niliyatia yote mawili kwenye kikapu kimoja. Aliyesikia la kwanza akaona saa sita zimepita bila kitu, akilisikia la pili kwa nini aamke?

Na hilo neno "kimbunga" nalo. Mwaka jana Aprili wewe na mimi tulikesha na simu kwa ajili ya kimbunga Jobo. Kimbunga cha bahari kina jina, kinafuatwa kwa setilaiti siku nyingi, kina upana wa mikoa, na Jobo alichoka kabla ya kufika kwenu. Bibi wa mume wangu, Mlindi, alikuwa akihesabu umri wa watu kwa kile cha 1952, nani alizaliwa kabla na nani baada. Kwetu kimbunga ndicho hicho: kitu kikubwa, cha polepole, cha pwani. Wa Uvira na Bukavu hata hicho hawakijui, wao neno wanalisikia redioni tu. Tornado ina upana wa mita mia chache, mara nyingine kilomita na ushei, na inapita mlangoni kwako kwa muda usiotosha kuvaa viatu. Hatukuwa na neno. Nililazimisha lililokuwepo.

Simu zenyewe zilitoa ujumbe wa dharura kwa Kiingereza na Kihispania. Yule mama wa Uvira niliyekutajia aliusikia mlio, akadhani ni ule wa kutangaza mtoto aliyepotea, maana mlio ni mmoja, akaizima simu. Aliyewaokoa ni mjukuu wake wa miaka tisa. Shuleni wamefundishwa zoezi: chumba cha ndani, ghorofa ya chini, mbali na madirisha, magoti chini, mikono kisogoni. Hapa wengi wetu hatuna chumba cha chini ya ardhi. Mtoto akawaburuta wote watano hadi bafuni, akamlalia bibi yake mgongoni. Bafu ndilo lililobaki.

Ukumbini nikajaribu kumweleza mama huyo kilichompata. Nikasema kimbunga, akatikisa kichwa. Nikasema dhoruba, akasema dhoruba anaijua, ile haikuwa dhoruba. Ndipo likanijia, sijui kutoka wapi: "Mama, ni upepo wa kisulisuli." Akanyamaza. Kisha akasema, "Uliomchukua Eliya." Akaanza kulia, kilio chake cha kwanza tangu usiku ule. Alilielewa mara moja, somo, kwa kuwa neno hilo amelisoma kwenye Biblia maisha yake yote.

Siku zilizofuata walikuja wapimaji wa idara ya hewa. Nilifikiri watakuja na mitambo ya kupima upepo. Hapana, upepo umeshakwenda. Walikuja na simu, kamera na daftari, wakawa wanasoma uharibifu. Walianza na miti: ikiwa yote imelala upande mmoja, ni upepo wa kawaida ulionyooka, na ikiwa inaelekezana, huu huku na ule kule, kama nywele zilizovurugwa, basi kulikuwa na mzunguko. Halafu nyumba. Hapo ndipo nilipomkumbuka baba na useremala wake. Walipiga magoti kwenye misingi ile wakatazama kitu kimoja: ile mbao ya chini ya ukuta ilishikizwa kwenye zege kwa kitu gani? Kwa bolti yenye nati na washa, au kwa misumari tu? Kenchi zilifungwa ukutani kwa vyuma, au zilikaa kwa uzito wake? Mlango wa gereji ulisalimu amri kwanza? Maana upepo ukipata pa kuingilia, unalisukuma paa kutoka ndani wakati juu unalivuta. Nyumba iliyogongewa misumari mitupu hung'oka kwa upepo mdogo kuliko iliyofungwa bolti, kwa hiyo msingi mtupu peke yake hauthibitishi upepo wa kutisha kuliko yote. Baba angewaelewa watu wale bila mtafsiri. Yeye alikuwa akisema nyumba hufungwa chini na juu, katikati itajishikilia.

Kipimo wanachotumia kina viwango sita, kuanzia sufuri hadi 5, na kina orodha ya aina 28 za vitu vya kutazama, kuanzia nyumba ya familia na shule hadi miti na nguzo. Asili yake ni Mjapani, Tetsuya Fujita, aliyekitunga mwaka 1971 akiwa Chuo Kikuu cha Chicago. Kilirekebishwa na kuanza kutumika upya 2007. Mwaka 1945 Fujita alikuwa mwalimu kijana Kokura, mji uliokusudiwa bomu la pili la atomiki. Kokura ilifunikwa na mawingu na moshi, rubani hakuona, bomu likaenda Nagasaki. Baadaye akaenda huko kusoma alama za kuungua na uharibifu, ili ajue mlipuko ulitokea urefu gani juu ya ardhi. Jicho lile lile akaja kulitumia kusoma tornado. Nikiwatazama wapimaji wetu wakipiga magoti nilikuwa nikimwona yeye.

Matokeo yalipotoka, kwetu ilipewa daraja la 3, upepo wa kilomita 265 kwa saa, ukingo wa juu kabisa wa daraja hilo. Ya Mayfield ikapewa la 4, kilomita 306. Nikamsomea mama. Akaniuliza, "Tatu kati ya ngapi?" Nikamwambia tano. Akatazama kule mtaani kwa muda, kisha: "Na wale watoto, nao ni tatu?" Sikuwa na la kutafsiri hapo. Nilimshika mkono tu. Jioni nilirudi nikamweleza kwamba namba ile ni ya misumari na bolti na mbao, haihesabu mtu hata mmoja. Akasema basi wangelisema hivyo. Nami naona ana haki.

Nimesoma jambo moja tangu wakati huo ambalo halinitoki. Kwa miaka mingi ofisi ya hewa ya Marekani haikutaka neno "tornado" litiwe kwenye utabiri, ikiogopa watu watataharuki. Katazo hilo liliondolewa 1950. Kabla ya hapo, tarehe 25 Machi 1948, maofisa wawili wa jeshi la anga, Fawbush na Miller, walithubutu kuitabiri tornado kwenye kambi ya Tinker, Oklahoma, iliyokuwa imepigwa siku tano tu nyuma. Jioni ile ile ikapiga tena, na ndege nyingi zilikuwa zimeshafichwa. Ofisi ile ya hewa ilikuwa na neno, ikaogopa kulitumia. Sisi hatuna hata la kuogopa.

Kwa hiyo nakuomba kitu. Wewe unasoma utabiri redioni, angalizo na tahadhari na tahadhari kubwa unazitamka kila wiki, na sauti yako watu huiamini. Nimekaa na Wakongo, Warundi na Wakenya wa hapa, tukakubaliana hivi. Hali ikiruhusu tu, tuseme: "Angalizo la kisulisuli. Vaa viatu, weka simu karibu, jua mtalala wapi." Ikishaonekana: "Kisulisuli kimeonekana. Ingieni bafuni sasa." Neno "tahadhari" tumeliacha kabisa, maana nimelichosha. Mzee mmoja wa Bujumbura anataka tuseme "kinakuja" badala ya "kimeonekana", anasema kilichoonekana kinaweza kuwa mbali. Niambie wewe unasikiaje.

Ukishaamua, rekodi matangazo yote mawili, kila moja isizidi sekunde kumi, na la pili ulisome kama ulivyoniita siku ile nilipokuwa nikiogelea Raskazone mkondo ukanichukua. Unitumie kabla ya Machi, ndipo msimu wake unapoanza kukolea. Nitaliweka kwenye kundi, na yule mjukuu ameahidi kumwekea bibi yake kwenye simu liwe na mlio wake peke yake.

Msalimie mama, umwambie blanketi alilonifumia limefunika watoto wanne usiku ule.

Somo yako