Ufunguo wa kirikuu changu unalala kwa jirani

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyelalamika kwamba mitaani kwetu watu wanaegesha magari njiani kama vile njia wamerithi kwa baba zao, na akataka manispaa ilete watu wa minyororo, wale wanaofunga magurudumu ya magari, mpaka vichochoroni. Mimi ni mmoja wa hao anaotaka wafungwe mnyororo. Nina kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha kubebea dagaa, na kwa karibu mwaka mzima kilikuwa kero. Sijitetei. Ila mnyororo ungenitoza faini, ningelipa huku nanung'unika, na kesho yake ningeegesha palepale.

Kwanza ujue pakoje. Nyumba zetu tatu hapa Mwanga zinatumia njia moja kutoka barabarani. Anayeijua Kigoma anajua ardhi yetu ni ya kupanda na kushuka. Njia yetu inateremka kuelekea ziwani, na maji ya masika yameshaikata korongo upande mmoja. Tambarare ni pamoja tu, chini ya mwembe, na mwembe wenyewe uko mbele ya dirisha la jirani wa kwanza, mzee mstaafu wa reli. Nyumba ya kati ni ya wapangaji, mmoja ana bajaji. Mimi niko chini kabisa. Gari likilala kwangu na mvua ikanyesha, halitoki mpaka litafutiwe vijana wa kulisukuma. Basi nikaegesha chini ya mwembe. Nani asingeegesha?

Zamani hakuna aliyesema neno, maana gari lilikuja kulala tu. Saa kumi alfajiri dereva analiwasha, tunawahi mwalo wa Kibirizi mitumbwi ikiingia, tunarudi jioni. Siku za mbalamwezi ndiyo linapumzika kidogo, wavuvi nao wakiwa wamepumzika. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kufungwa kwenyewe sikupingi, dagaa tuliowapata baadaye nimewaona kwa macho yangu. Lakini miezi mitatu sikuwa na cha kumlipa dereva. Akaenda kwao Kasulu, gari likabaki chini ya mwembe, ufunguo nikautia kabatini. Mimi mwenyewe sijui kuendesha.

Mwezi wa kwanza mzee aliniitikia shikamoo yangu vizuri tu. Mwezi wa pili nikaona kapanga viti viwili vibovu na pipa nyuma ya gari. Nikasema moyoni, anaweka vyombo vyake. Ziwa lilipofunguliwa, alfajiri ya kwanza tunataka kutoka, pipa limejaa maji mpaka mdomoni. Tuligonga mlango wake, hakufungua. Tukachota yale maji kwa ndoo, dereva na mimi, gizani, mpaka pipa likasukumika. Kibirizi tulifika jua limeshatoka, dagaa wazuri wameondoka na wenzangu, nikaambulia waliolala chini ya beseni. Niliporudi nilimmwagia mzee maneno pale njiani, wapangaji wakisikiliza, mtu aliye rika la baba yangu. Dagaa wa siku ile nimewasahau. Yale maneno sijayasahau.

Baada ya hapo nikamwambia dereva aegeshe karibu zaidi na mlango wake. Ndiyo, nilifanya hivyo. Naye akaacha kuniitikia, wajukuu wake wakakatazwa kuchota maji bombani kwangu, na pipa likawa linarudi kila baada ya siku chache.

Nikaenda baraza la kata na karatasi ya kununulia kiwanja, nimejiandaa kushinda kesi. Katibu alinisikiliza, kisha akaniambia kwamba tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 baraza la kata halihukumu tena migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kupatanisha. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, mtu yuko huru kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Akaomba kuona karatasi yangu. Imeandikwa, kusini: njia. Ya mzee, niliyokuja kuiona baadaye, imeandikwa, kusini: kiwanja cha jirani. Kwa karatasi yangu njia ipo na haina mwenyewe, kwa karatasi yake hakuna njia kabisa. Wote tulikuwa na mashahidi na mihuri.

"Kwa mjumbe mmeanzia?" katibu akauliza. Hatukuwa tumeanzia.

Mjumbe wetu ni mama mtu mzima, muuza mawese. Alikuja baada ya alasiri, akakataa kuingia ndani kwangu na akakataa kuingia kwa mzee. Alitaka mkeka utandikwe palepale chini ya mwembe, ubavuni mwa gari. Nikaanza kumtolea karatasi, akanizuia kwa mkono. Akamgeukia mzee: "Kaka, hili gari linakufanya nini?"

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa anachora mchangani kwa kijiti. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Linanuka."

Nikageuza macho chini ya bodi. Pale mbao zinapoungana pana tundu, na maji ya dagaa yanadondoka, tone baada ya tone, kwenye mchanga uliokwisha kuwa mweusi na kung'aa. Nzi wamejaa. Paka wawili wamelala chini ya tairi kama wako kwao. Na hatua nne kutoka pale ndipo ilipo kamba anayoanikia kanzu yake ya Ijumaa. Mimi nimefanya biashara hii miaka kumi na sita, harufu ile siisikii tena. Lile dirisha lililokuwa linafungwa kila siku nilidhani linafungwa ili asinione.

Mwaka mzima mimi nagombania njia, mwenzangu anagombania pua yake. Mjumbe alimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu, "Nimwambieje mtoto wa watu kwamba riziki yake inanuka?" Nililia, si uongo.

Mengine yalikwisha haraka, na nusu aliyapanga mzee mwenyewe, maana ukimpa mtu wa reli suala la njia moja umemrudisha kazini. Alituambia kutoka hapa Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, treni zinazokwenda na zinazokuja zinatumia njia hiyohiyo, na hazigongani kwa sababu mmoja anasubiri stesheni. Mwembe, akasema, ndiyo stesheni yetu. Gari langu lioshwe na likaushwe hukohuko Kibirizi kabla halijapanda. Liingie kwa rivasi, uso utazame barabarani. Bajaji, inayorudi saa tano usiku, ikae nyuma yake, ila siku za mbalamwezi zibadilishane. Na anayeegesha chini ya mwembe, awe nani, ufunguo aukabidhi kwa mzee, kwani kati yetu wenye nyumba yeye peke yake anajua kuendesha. Unaning'inia kwenye msumari, kando ya kalenda. Kabla ya saa kumi dereva anagonga dirisha mara mbili, mkono unatoka na ufunguo, dirisha linafungwa.

Usiku mmoja wa masika nilisikia kirikuu kinaunguruma nikatoka na panga. Nikamkuta mzee kwenye usukani, kajifunga msuli, anakitoa mpaka barabarani ili bajaji ipite na mke wa mpangaji aliyeshikwa na uchungu. Akanipigia honi nimpishe.

Nilinunua mifuko miwili ya saruji, wapangaji wakabeba mawe, korongo limezibwa. Sisemi tunaishi peponi. Dereva wangu bado anawasha redio gari likiwa halijafika barabarani, mwenye bajaji amewahi kutuchelewesha mara mbili, na wale paka hawajaambiwa kwamba gari sasa linaoshwa. Lakini wajukuu wa mzee wanachota maji.

Sasa ombi langu, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Makubaliano yetu yameandikwa kwenye daftari kubwa, kuna saini zetu, ya mjumbe na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Mzee ana miaka yake, wanawe wako mbali, siku moja nyumba itauzwa, na mnunuzi atakuja na karatasi inayosema kusini hakuna njia. Daftari halitamfunga. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya mtu kupita kwenye ardhi ya mwenzake, na inaruhusu haki hiyo iandikwe na isajiliwe. Kwa hiyo wapimaji wa urasimishaji wa viwanja wakija huku na bikoni zao za mipaka, wasituulize tu mpaka uko wapi, kwa maana hapo kila mtu atanyoosha kidole mbali kidogo. Watuulize na gari linapita wapi, linageuzia wapi, na waandike. Na msomaji mwenzangu wa minyororo, kabla hujamwita mwenye mnyororo, jaribu kumtandikia mkeka huyo anayekuzibia.

Daftari letu liko kwa mjumbe. Wapimaji wakifika, waulize nyumba ya muuza mawese, wataonyeshwa.

Mchuuzi wa dagaa,
Mwanga, Kigoma