Kabla hujachagua avoka (wakili): barua kwa mwanangu aliye hospitali ya Sendwe, Lubumbashi

Mwanangu Aline,

Daktari amesema mguu uliogongwa na lori utawekewa chuma wiki hii, kwa hiyo utakuwa na siku za kulala na simu mkononi. Soma barua hii polepole, hata kwa vipande.

Watu watakuja kitandani. Mmoja atajiita avoka, mwingine atasema mwenye lori amemtuma akusaidie dawa. Pesa ya dawa pokea, lakini kwenye risiti iandikwe kwamba ni avansi (malipo ya awali) ya matibabu. Ukiona maneno ya Kifaransa "pour solde de tout compte", usitie saini: maana yake umelipwa yote na hudai tena, na kuifuta saini hiyo baadaye ni kazi ngumu hata kwa avoka hodari. Naye avoka anayezunguka wodini kutafuta majeruhi, mkatae. Kanuni za kazi yao zinamkataza kuwinda wateja, na aliyevunja hiyo asubuhi sioni kwa nini aheshimu nyingine jioni.

Kitu cha kwanza si avoka, ni PV, yaani ripoti ya ajali iliyoandikwa na polisi ya barabarani. Mtume kaka yako mkubwa Patrick akaulize namba yake na jina la OPJ (ofisa wa polisi mpelelezi) aliyeiandika. Aangalie kama mchoro wa ajali umo, na kama plaki (namba za usajili) za lori zimeandikwa zote. Nasema zote kwa sababu malori haya ya njia ya mpaka wa Kasumbalesa yana plaki mbili: ya kichwa na ya trela. Mara nyingine kichwa ni cha mtu huyu na trela ya kampuni ile, kila moja na asiransi (bima) yake. PV yenye plaki moja inaweza kukuacha unadai mlango usio wako.

Kama plaki ni ya Zambia au Tanzania, iulizwe kadi ya njano ya COMESA. Hiyo ndiyo bima inayovuka mpaka na lori, na ajali ikitokea hapa kwetu, madai hupitia ofisi ya kadi hiyo humu nchini, huna haja ya kwenda Ndola, Zambia. Tunahitaji picha inayoonyesha namba ya kadi na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kama lori ni la Kongo, jina la asiransi liko kwenye kibandiko cha kioo cha mbele. Usidhani ni SONAS, kampuni ya bima ya serikali, tu. Sheria ya bima ya 2015 ilifungua mlango, sasa kuna kampuni nyingi.

Sasa avoka mwenyewe. Jina lake liulizwe kwenye Baro (chama cha mawakili) ya Haut-Katanga, kama limo kwenye tablo, yaani orodha ya mawakili kamili, au yuko kwenye orodha ya stajieri, walio bado mafunzoni. Stajieri si mtu mbaya, wengine wana bidii kuliko mabosi wao, ila anafanya kazi chini ya patroni, avoka anayemsimamia. Ujue patroni ni nani. Kuna pia defanseri wa mahakamani, mtetezi asiye avoka. Huyo anaishia mahakama ya amani na TGI, mahakama iliyo juu yake, hasimami mahakama ya rufaa.

Ukikaa naye, muulize swali moja na unyamaze usikilize: "Tutamshitaki nani?" Akijibu "shoferi" na kuishia hapo, mshukuru umwache. Shoferi hana kitu. Utashinda kesi, utapewa karatasi nzuri yenye mihuri, na hakuna wa kulipa. Avoka anayejua kazi atataja watatu: shoferi aliyegonga, mwenye lori au mwajiri wake, anayebeba kosa la mtu wake kwa kifungu cha 260 cha Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia, na asiransi, ambayo ndiyo yenye mfuko. Ataomba pia karte roze (hati ya usajili wa gari) ili ajue mwenye lori wa kweli, maana jina lililochorwa mlangoni linaweza kuwa la aliyelikodi tu.

Swali la pili ni la muda. Kujeruhi mtu bila kukusudia kuna kifungo kisichozidi mwaka 1, na kwa kosa la namna hiyo kesi ya jinai huzimika mwaka 1 ukipita bila hatua ya upelelezi. Bado unaweza kudai kwa njia ya kiraia, ila ni ndefu zaidi. Akikuambia "tusubiri parke, hakuna haraka", yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, hajui au hajali. Parke ikilala, mwenyewe unaweza kumwita shoferi moja kwa moja mbele ya mahakama ya amani.

Malipo yaandikwe kwenye mkataba, na vitu viwili vitenganishwe: pesa ya kazi yake, na pesa ya mahakama, ambayo inalipwa grefe (ofisi ya karani wa mahakama) na kutolewa risiti. Risiti hiyo ubaki nayo wewe. Atakayekuambia "usilipe kitu, tutagawana nusu kwa nusu" anavunja sheria ya mawakili, nawe utaona nusu yako ikipungua kila mwezi. Iandikwe pia kwamba hakuna mapatano na asiransi bila saini yako, na kwamba pesa haitoki kwa jina la avoka peke yake. Hapo ndipo watu wengi wanalia.

Usikubali bei ya mwisho kabla daktari hajaandika kwamba mguu umetulia, na umebaki na ulemavu wa asilimia ngapi. Chuma kinaweza kuhitaji kutolewa, na hiyo ni operesheni ya pili ambayo nayo ina gharama. Risiti za farmasi zilizochapwa kwenye karatasi laini hufifia. Zipigwe fotokopi sasa. Kwa siku ulizokosa kuuza kwenye soko la mtaa wa Kenya, daftari lako la mauzo pamoja na historia ya M-Pesa vinasema kuliko mashahidi.

Ukimchoka avoka, unaweza kumbadili. Umlipe kazi aliyokwisha kufanya, uchukue dosie (faili) yako. Mkishindwa kuelewana juu ya bei, batonye, mkuu wa Baro, ndiye anayewasikiliza. Kama pesa ya kuanzia haipo kabisa, Baro ina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Patrick aulize hapo hapo atakapokwenda kuangalia tablo.

PV ikitoka, nitumie picha yake kabla hujamlipa mtu yeyote.

Baba yako