TV zetu zituletee na zile muvi za maiti wanaoruka

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako. Hivi wenye vituo vya TV, kwa nini kitu cha Kichina kikiingizwa sauti za Kiswahili lazima kiwe cha mama mkwe na mkaza mwana? Sikatai, tamthilia ya Doudou na Mama Wakwe Zake ya TBC ile 2011 ilikuwa tamu, kwetu hata chakula kilikuwa kinasubiri. Ila kuna zile muvi za mizuka za Hong Kong miaka ya 80, sisi wa vibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, tumezijua kupitia DJ anayetafsiri huku anaongeza chumvi zake, utani wa wenyewe nusu unapotea.

Mfano Mr. Vampire ya 1985. Maiti limevaa joho la maofisa wa enzi za Qing, ufalme wa zamani wa China, mikono mbele, limekakamaa miguu haikunji ndo maana linaruka, ukibana pumzi halikuoni, ukilibandika ile karatasi ya njano ya hirizi kwenye paji la uso linaganda hapohapo. Sasa kuna jamaa kaparuzwa na hilo maiti, dawa yake mchele wa kunata, mwenzake anatumwa dukani, muuzaji anauchanganya na mchele wa kawaida apate faida, dawa inagoma! Jamani si Tandale hii hii? Mchele umechakachuliwa mpaka mzuka unanufaika.

Wanaosema ni muvi za kichawi za kuharibu watoto sidhani kama wamekaa wakaziangalia. Ni vichekesho. Kwenye Mr. Vampire Lam Ching-ying ndo mganga, nyusi zimeungana, sura kavu hacheki hata kidogo, we utavunjika mbavu, na ngumi zake ni za ukweli maana alishafanya kazi na Bruce Lee kwenye mapigano.

Wa mapenzi nao wapo, waangalie A Chinese Ghost Story ya 1987, Leslie Cheung mkusanya madeni fukara kampenda mzimu wa Joey Wong, na bosi wa yule binti ni jini la mti lina ulimi unatambaa msituni unavunja nyumba.

Ombi langu, tafuteni wanaojua Kikantoni, kile Kichina cha Hong Kong, maana nyingi ziliigizwa kwa hicho, sauti wapeni wachekeshaji wetu wa Bongo, wekeni saa nne usiku watoto wamelala. Na ule ulimi msiukate.

Msomaji wenu,
Tandale, Dar es Salaam